Kabla hujalipa ada ya kujitolea Peru

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 27, ni mwalimu wa darasa la tatu katika shule binafsi hapa Moshi. Nafundisha Kiingereza na Hisabati. Mkataba wangu unaisha Desemba na sijaomba kuuendeleza, kwa sababu nimekubaliwa na shirika moja kwenda kujitolea miezi mitatu nchini Peru, katika kijiji cha upande wa Chinchero, karibu na mji wa Cusco. Natakiwa kufika Januari 10. Hii ni wiki ya kwanza ya Agosti.

Ada ni dola 1,350 pamoja na malazi na chakula kwenye nyumba ya familia. Nusu wanaitaka kabla mwezi huu haujaisha. Asubuhi nitasaidia kufundisha Kiingereza shuleni, jioni na mwisho wa wiki nitakuwa kwenye kituo cha watoto yatima "kuwapa upendo", ndivyo walivyoandika. Vyeti vyangu hawajaviomba. Kuhusu viza, mratibu ameniambia nijiandike mtalii tu.

Kihispania sijui zaidi ya gracias na amigo. Mratibu anasema nisihangaike, watoto watanifundisha.

Kaka yangu ni mpagazi Kilimanjaro. Anasema nilikopangiwa ni juu kama kambi ya Horombo. Mimi nimezaliwa chini ya mlima lakini sijawahi kuvuka geti la Marangu. Tangu mama asikie hilo hataki habari ya safari. Nimepata tiketi ya bei ya chini inayopitia Miami, na wakala ananishikia hadi Ijumaa.

Nianzie wapi, Shangazi? Kihispania nitakipata kwa muda huu? Na mama nimwambie nini?

Mwalimu wa Darasa la Tatu, Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu.

Hiyo nusu usiilipe bado, na tiketi ya Miami mwambie wakala aiachie. Sikukatazi kwenda. Kazi unaiweza na nia unayo, ila tarehe uliyopewa ina kasoro kubwa, na kasoro hiyo ndiyo itakayokuonyesha shirika hilo ni la namna gani.

Peru mwaka wa shule huanza Machi na kuisha Desemba. Januari na Februari ni likizo ndefu. Ukifika Januari 10, miezi miwili kati ya mitatu yako utakuta shule imefungwa, na ikifunguliwa utakuwa umebakiza wiki chache za kurudi nyumbani. Pia hiyo ndiyo miezi ya mvua kubwa kabisa kule Cusco. Yapo madarasa ya likizo wanayoyaita vacaciones útiles, na huenda ndiyo waliyokupangia, lakini hayo ni michezo, uchoraji na masomo ya ziada. Si shule yenye mwalimu wake na mtaala wake. Kwa hiyo mwandikie mratibu leo hii, kwa Kihispania, uninukuu hivi hivi: ¿Qué voy a hacer en enero y febrero, cuando no hay clases? Yaani, nitafanya nini Januari na Februari wakati hakuna masomo? Na la pili: ¿En qué colegio voy a trabajar y quién es el director o la directora? Shule gani, na mwalimu mkuu ni nani? Shirika lenye kazi ya kweli litakujibu kwa jina la shule, jina la mwalimu mkuu na ratiba, na litakushukuru kwa kuuliza. Likikujibu kwa maneno matamu kuhusu upendo na tabasamu za watoto, pesa yako ibaki mfukoni.

Omba pia namba yao ya RUC. Hiyo ni namba ya mlipakodi, ina tarakimu 11, na ya taasisi huanza na 20. Tovuti ya mamlaka ya kodi ya Peru, SUNAT, inamruhusu mtu yeyote kuitafuta bure. Jina litakalotokea lilingane na lile la kwenye barua yako, na pembeni pasomeke ACTIVO, maana yake usajili uko hai, na HABIDO, maana yake anwani yao imethibitishwa. Kama wanajiita shirika la misaada, waulize wamesajiliwa vipi kwa APCI, ambayo ni taasisi ya serikali ya ushirikiano wa kimataifa. Kisha waombe mchanganuo wa hizo dola 1,350: familia inapata ngapi kwa wiki, mratibu ngapi, shule ngapi. Malipo yaende kwenye akaunti yenye jina la shirika. Wakikutajia jina la mtu binafsi la kumtumia, hapo simama.

Kituo cha yatima kikatae. Nalisema hili kwa uzito wote, kwa sababu wewe ni mwalimu na utanielewa. Mtoto aliyekwisha kutengana na wake anapewa mgeni wa kumbeba na kumlaza, baada ya miezi mitatu mgeni anapanda ndege, anakuja mwingine. Mtoto wa namna hiyo hujifunza kumkumbatia kila anayepita mlangoni, na hilo humweka katika hatari. Mara nyingi pia watoto wa vituo hivyo wana mzazi aliye hai ambaye kilichomshinda ni umaskini. Na shirika linalokupeleka kushinda na watoto bila kuomba hati ya polisi ya tabia njema halimwombi mtu mwingine yeyote pia. Wewe itafute hati hiyo hata wasipoiomba, pamoja na vyeti vyako vya ualimu, upate mihuri ya Wizara ya Mambo ya Nje, na uulize ubalozi wa Peru kama wanataka tafsiri ya mtafsiri rasmi wa Kihispania.

Suala la viza linajibiwa na ubalozi wa Peru unaohudumia Tanzania, si mratibu. Waandikie ueleze ukweli: kujitolea shuleni bila mshahara, miezi mitatu, shirika fulani. Watakachokujibu kwa maandishi kichapishe ukibebe. Tatizo la "jiandike mtalii tu" ni kwamba ofisa wa uhamiaji akikuuliza Lima unakwenda kufanya nini, umeshafungwa mdomo: ukisema kweli fomu yako inakukana, na ukidanganya barua ya shule iliyomo kwenye mkoba inakuumbua. Pasipoti iwe na zaidi ya miezi sita mbele. Na fomu za kule zina nafasi mbili za ukoo, apellido paterno na apellido materno. Sisi tunaandika jina letu, la baba na la babu. Wewe fuata pasipoti ilivyo, kwenye tiketi, bima na barua ya shule, herufi kwa herufi.

Basi omba tarehe isogezwe hadi katikati ya Machi. Utapata darasa lenye wanafunzi, mvua zikiwa zinaelekea kukatika, na utakuwa na wiki thelathini na mbili za kujiandaa badala ya ishirini na mbili. Wiki hizo zote ni za Kihispania.

Mratibu anayekwambia watoto watakufundisha anakutayarishia miezi mitatu ya kukaa kona ya darasa ukitabasamu. Darasa la tatu unalijua: mtoto akija kukwambia tumbo linamuuma, au kwamba mwenzake kampiga, hana subira ya kukutafsiria. Lakini Mswahili hakianzi Kihispania kutoka sifuri, na hilo vitabu vya Kiingereza havitakwambia.

Anza na irabu. Za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa kama zetu popote zinapokaa. Kinachowatesa Waingereza mwaka mzima wewe unacho tangu chekechea. Soma mesa, ni meza. Bandera, ni bendera. Padre, ni padri. Hayo tuliyapata kwa Wareno, na Kireno ni ndugu wa Kihispania. Mengine yametoka Uarabuni yakaenda kwao na kwetu: azúcar ni sukari, aceituna ni zeituni, na hasta ni hata yetu, ile ya "tangu asubuhi hata jioni". Ukisikia hasta mañana, sikia "hata kesho", hutaisahau tena.

Konsonanti chache tu ndizo za kufanyia kazi. Ñ ni ny, kwa hiyo mañana ni manyana. J ni kh ya kheri. LL huwa y. H haitamkwi, hola ni ola. V na b ni sauti moja. Kwenye r ndipo pa kutulia: pelo ni nywele, pero ni lakini, perro yenye r ya kutetemesha ni mbwa. Kama ulimi wako huwa unachanganya r na l, yaseme hayo matatu kila asubuhi ukipiga mswaki, ujirekodi kwenye simu, usikilize.

Mkazo ndio mtego wetu. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri, na Kihispania nacho hufanya hivyo kwa maneno mengi, yanayoishia na irabu, n au s. Ndiyo maana tunajiamini kupita kiasi. Neno likiwa na alama juu ya irabu, mkazo unahamia pale, na maana inahama nao. Papa ni kiazi, papá ni baba. Hablo ni nasema, habló ni alisema. Ukiikosa alama hiyo unamweka mtu mwingine kwenye sentensi yako. Na ujihadhari na sí. Kwetu "si" inakana, kwao sí ni ndiyo, na si isiyo na alama ni "ikiwa". Wiki za mwanzo kichwa kitakataa, hasa kwenye simu.

Sarufi nayo utaiona inafanana na ya nyumbani kuliko Kiingereza. Ninasema, unasema, tunasema: nafsi imo ndani ya kitenzi. Kwao pia imo, ila inakaa mkiani: hablo, hablas, hablamos. Upatanisho wa kitabu kizuri na vitabu vizuri ni libro bonito na libros bonitos, na ngeli zao ni mbili tu, ya kike na ya kiume. Kosa letu hapo ni kusahau kwamba jinsia ipo, kwa kuwa "yeye" wetu ni mmoja. Wewe ni mwanamke, utasema estoy cansada, si cansado.

Vitenzi viwili vya "kuwa", ser na estar, huwaliza wanafunzi wengi. Jaribu kuvipitia Kiswahili. Pale tunaposema "ni", mara nyingi ni ser: dada yangu ni mwalimu, mi hermana es profesora. Pale tunaposema "yuko", ni estar: yuko nyumbani, está en casa. Na pale tunapotumia -me- kueleza hali iliyopo sasa, ni estar tena: amechoka, está cansada, duka limefungwa, la tienda está cerrada, amekaa, está sentado. Ukiwa na shaka, iseme kwanza kwa Kiswahili usikilize kama inakuja na "ni" au na "-me-". Haitakupa jibu mara zote, lakini mara nyingi itakutoa.

Saa, mwanangu, ziwekee alama nyekundu. Kihispania husoma namba iliyoandikwa kwenye simu. A las siete ni saa moja, a las dos ni saa nane mchana. Mwalimu mkuu akikwambia kikao ni a las dos, kichwa cha Kiswahili kitasikia "saa mbili" na utafika asubuhi, au utaandika moja kwenye daftari na kukumbuka nyingine. Tangu sasa kila ukitazama saa, itaje kwa Kihispania kabla ya Kiswahili.

Kuhusu ratiba, saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki thelathini na mbili ni saa 160. Hizo zinakufikisha pa kujieleza kwa sentensi fupi na kuelewa mtu anayesema polepole. Saa mbili kati ya hizo tano ziwe za mwalimu wa kukuona uso kwa uso kwenye intaneti, na achague kuwa wa Peru, Bolivia au Ecuador. Kihispania cha Hispania kina vosotros na sauti ya th ambavyo Cusco hutavisikia. Kule "ninyi" ni ustedes. Peru iko nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo saa tatu asubuhi ya Lima ni saa kumi na moja jioni ya Moshi, wakati umeshatoka shule. Saa zilizobaki sikiliza redio za kule na urudie kwa sauti. Usianze na misemo ya hotelini. Anza na ya darasani: abran el cuaderno, fungueni daftari, ¿quién falta?, nani hayupo. Más despacio, por favor, polepole zaidi tafadhali. Me duele la cabeza, kichwa kinaniuma. Na watu wazima wote waite usted, yaani "wewe" ya heshima. Adabu ya shikamoo imekaa pale, ndani ya kitenzi, na kumwambia mama mwenye nyumba tú siku ya kwanza ni kama kumpita bila kumwamkia.

Chinchero utakuta lugha nyingine chini ya Kihispania, nayo ni Kikechua. Nyumbani, sokoni na shambani wengi husema hiyo. Ina irabu tatu za msingi na hujenga neno kwa kuunga viambishi mwishoni: wasi ni nyumba, wasiy ni nyumba yangu, wasiyki ni nyumba yako, wasipi ni nyumbani. Ile -pi ni -ni yetu kabisa. Jifunze allillanchu ya kusalimia na sulpayki ya kushukuru, uzitumie kwa wazee. Na hapa ndipo penye thamani yako kubwa kuliko Kiingereza. Mtoto wa pale anaingia darasani akiwa na Kikechua cha nyumbani, anafundishwa kwa Kihispania. Wewe umekulia nchi ambayo mtoto anamaliza msingi kwa Kiswahili na kukutana na sekondari ya Kiingereza. Unajua uso wa mtoto aliyeelewa hesabu lakini hana neno la kuisemea. Ongea hilo na mwalimu wa darasa, mlinganishe mbinu. Kaa darasani pamoja naye, usikubali kuachiwa darasa peke yako ili yeye apumzike au apunguzwe kazi.

Sasa mlima. Kaka yako amesema kweli. Chinchero ni kama mita 3,760, na Horombo ni kama 3,720. Mji wa Cusco wenyewe ni kama 3,400. Tofauti ni kwamba mgeni wa Kilimanjaro analala kambi ya Mandara, kwenye mita 2,700 na kidogo, kabla ya Horombo, na wengi hulala Horombo siku mbili. Wewe utatoka Lima, pembeni ya bahari, na ndege itakupandisha Cusco kwa muda wa zaidi kidogo ya saa moja. Mwili haujapewa nafasi. Saa sita hadi kumi na mbili baadaye kichwa kinapiga, chakula hakishuki, usingizi hauji. Wenyewe huiita soroche, yaani ugonjwa wa mwinuko. Kuzaliwa Moshi hakukukingi, maana Moshi haifiki hata mita 1,000.

Dawa ya kwanza ni mahali pa kulala. Ukitua Cusco asubuhi, usilale mjini. Panda gari siku hiyo hiyo ushuke Urubamba, kama mita 2,870, au Ollantaytambo, kama 2,790, ulale siku tatu ndipo upande Chinchero. Barabara ya kwenda Urubamba yenyewe inapita Chinchero, lakini kupita si kulala. Siku hizo zitumie kwa masomo ya Kihispania ya mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja. Kunywa maji, kula kidogo kidogo, tembea taratibu, pombe iache. Muulize daktari kuhusu asetazolamaidi, dawa ya kukinga soroche: kipimo cha kawaida cha kinga ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda na siku mbili za kwanza kule juu. Inakojoza, na vidole hufa ganzi kidogo. Ni ya jamii ya salfa, kwa hiyo kama Septrini au SP iliwahi kukutoa vipele, mwambie daktari mapema. Majani ya koka utapewa kwenye chai, na kule ni halali. Usirudi nayo hata pakiti moja, maana viwanja vya ndege vya nchi nyingine ni kosa. Ukimwona mtu, au wewe mwenyewe, anapepesuka kama mlevi, anachanganyikiwa, au anahema akiwa amekaa, hasubiri asubuhi. Anashushwa usiku huo huo.

Pima selimundu (sikoseli) kabla ya kulipa chochote. Mwenye ugonjwa wenyewe asiende urefu huo. Mwenye kurithi upande mmoja, anayeishi bila dalili, naye anaweza kuumia wengu akiwa juu, hasa akijitumikisha, na maumivu makali ya ubavu wa kushoto yasichukuliwe kuwa gesi. Kwetu wapo wengi wasiojua hali yao.

Na malaria. Nyanda za Cusco hazina, hivyo ukipata homa wiki mbili baada ya kufika, daktari wa pale atafikiria mafua au mwinuko. Wewe ndiye wa kumwambia: vengo de Tanzania, zona de malaria falciparum, yaani natoka Tanzania, eneo la malaria ya falciparum. Beba vipimo vya haraka viwili na dozi moja kamili ya dawa ya mseto, vidonge 24 kwa mtu mzima, kwenye pakiti yake pamoja na karatasi ya daktari. Chanjo ya homa ya manjano ipate siku 10 au zaidi kabla ya safari. Kadi hudumu maisha. Cusco na Chinchero hazina homa hiyo, lakini Peru ina misitu ya Amazon, na Tanzania huidai kadi kwa anayetoka nchi zenye ugonjwa huo. Ongeza homa ya ini A na B, taifodi na pepopunda, na uulize ya kichaa cha mbwa, kwa sababu mbwa wa kuzurura ni wengi. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, ndipo ukimbilie kituo cha afya. Bima iandikwe wazi kwamba inalipia kushushwa mlimani na matibabu kwenye mita 4,000, maana baadhi huweka kikomo.

Tiketi ya Miami nimekwambia uiache kwa sababu Marekani haina eneo la kupita tu: hata kubadilisha ndege kunataka viza yao, na bei ya chini inaisha hapo. Ndege ya KLM hutoka KIA, uwanja wa Kilimanjaro, hadi Amsterdam, na Amsterdam kuna ndege ya moja kwa moja hadi Lima. Nunua safari nzima kwenye tiketi moja, ili ukichelewa kuunganisha ndege mzigo na wewe viwe juu yao.

Shilingi hazibadilishiki kule. Beba dola safi. Noti iliyochanika hata milimita chache ukingoni wataikataa. Ukibadilisha kuwa sol, pesa ya Peru, omba sencillo, yaani chenji ndogo, kwa sababu dereva wa kombi na mama wa sokoni hawana chenji ya noti kubwa. Umeme ni volti 220, karibu sawa na wetu, lakini plagi zetu za miguu mitatu ya bapa haziingii, nunua kibadilishio. Dawa za nywele na rasta beba za miezi yote mitatu. Mafuta ya kukinga jua ni yako pia, kwani jua la urefu ule huunguza ngozi nyeusi na kupasua midomo. Sweta moja nzito inatosha kuanzia. Nyingine za manyoya ya alpaka, mnyama wa kule, utazipata sokoni, na Juni usiku utazihitaji. Unga, dagaa na mbegu acha nyumbani, ukaguzi wao wa mazao ni mkali. Zawadi ya mama mwenye nyumba iwe doti ya kanga. Wanawake wa kule hubeba mtoto na mzigo mgongoni kwa kitambaa wanachokiita lliclla, ataielewa kanga bila maelezo.

Watu watakutazama, na wengine watakuita morena au negrita, maneno ya kumtaja mwanamke mweusi. Kuna anayelitumia kwa upendo na kuna anayelitumia kwa dharau. Wewe jibu me llamo, yaani naitwa, kisha jina lako, kila mara, bila kugomba. Peru ina watu wake weusi tangu enzi za utumwa. Mtakatifu Martin wa Porres, ambaye makanisani kwetu tunamjua, alizaliwa Lima mwaka 1579. Juni 4 ni siku ya utamaduni wao, nawe utakuwa bado uko huko.

Mama usimwambie "usijali". Mpe karatasi moja: jina la shule na la mwalimu mkuu, jina na simu ya familia utakayokaa nayo, simu ya bima, nakala ya pasipoti, na zile siku tatu za Urubamba ulizopanga kabla ya kupanda. Kaka yako amweleze kwa nini siku hizo zipo, maana yeye kazi hiyo anaijua na mama humsikiliza. Kisha mkubaliane saa ya simu. Saa tatu usiku ya Moshi ni saa saba mchana kwako, umetoka darasani na hujala. Mpigie wewe, usingoje akupigie.

Barua yenye yale maswali mawili itume leo. Likija jibu, niandikie tulisome pamoja.

Shangazi